Tusinunue Upepo kwa Fedha za Umma

Barabara ya lami kutoka Kidatu hadi Ifakara, yenye urefu wa karibu kilomita 67, ni miongoni mwa mambo makubwa kabisa yaliyofanyika katika bonde la Kilombero tangu Reli ya TAZARA ilipopita huko katika miaka ya 1970. Kabla yake lilikwisha kufunguliwa, mwaka 2018, daraja la Mto Kilombero lenye urefu wa mita 384, likaiunganisha Ifakara na Ulanga mahali ambapo kwa miaka mingi watu na magari walikuwa wakikingoja kivuko. Aliyewahi kukwama katika tope la bonde lile wakati wa masika, akalala ndani ya gari huku maji yakipanda, hana haja ya kuelezwa na mtu yeyote maana ya maendeleo hayo.

Lakini kila neema huja na hesabu yake. Kwenye tope gari lilikwenda mwendo wa miguu, na adui wa mafuta alikuwa chini ya magurudumu, akionekana kwa macho. Kwenye lami gari limepata mbio, na adui amehama. Sasa yuko mbele ya kioo, haonekani, hana rangi wala harufu, naye ni upepo. Na popote anapozuka adui asiyeonekana, hawachelewi kutokea watu wa kuuza hirizi ya kumkinga.

Hirizi za safari hii ni vikinga upepo. Haya ni mabamba ya plastiki au ya bati yanayofungwa juu ya gari baada ya gari kutoka kiwandani. Kuna kile cha ukingo wa boneti, kuna vile vya juu ya madirisha, kuna bamba linalosimamishwa mbele ya karia juu ya paa, na kuna kile kinachofungwa nyuma, juu ya mlango wa mizigo. Muuzaji husema kwamba ukifunga hivi utaokoa mafuta. Neno hili ni tamu katika masikio ya ofisa ambaye fungu lake la mafuta huisha kabla ya robo ya mwaka kwisha. Nasi tumeona ni wajibu wetu kulitazama jambo hili mapema, kabla vikinga upepo havijawa mstari katika makisio ya matumizi ya Serikali.

Pengine msomaji wetu wa Unguja au wa Pemba atauliza: ya Ifakara yananihusu nini mimi? Yanamhusu kwa njia tatu. Kwanza, mchele wa bonde la Kilombero haukai Ifakara. Hupakiwa kwenye malori, ukashuka Dar es Salaam, na mwingine ukavushwa bahari hadi Visiwani, na kila lita ya dizeli iliyopotea njiani huandikwa, bila ya kutajwa, katika bei ya kilo. Pili, hakuna tone la petroli wala la dizeli linalochimbwa katika ardhi ya Muungano wetu. Yote huja kwa meli na hulipiwa kwa fedha za kigeni, na bei zake hutangazwa kila mwezi, Bara na EWURA na Zanzibar na ZURA, ikawa mwananchi husikiliza tangazo hilo kama asikilizavyo hukumu. Tatu, magari yale yale yenye namba za STK na DFP yanayopita Ifakara yana ndugu zao wenye namba za SMZ wanaopita Mkokotoni na Wete. Ugonjwa ni mmoja, na dawa haiwezi kuwa mbalimbali.

Wazee wetu wanakumbuka zile siku ngumu baada ya Vita vya Kagera, mwanzoni mwa miaka ya 1980, ambapo magari ya watu binafsi yalipigwa marufuku kutembea tangu Jumapili mchana ili nchi ipate kupumua. Na sisi sote tunakumbuka mwaka 2022, ambapo bei ya mafuta duniani ilipanda baada ya vita vya Ukraine, na kuanzia mwezi wa Juni Serikali ikatoa ruzuku ya shilingi bilioni 100 ili kupunguza makali. Nchi iliyowahi kulipa fedha nyingi kiasi hicho ili mafuta yashikike haiwezi kuyafanyia mafuta mzaha. Ndiyo maana hatusemi kwamba ofisa anayetafuta njia ya kubana mafuta amekosea. Nia yake ni njema. Tunasema kwamba nia njema isiyopimwa huishia mfukoni mwa mfanyabiashara.

Basi tupime. Gari linapokwenda linapambana na vitu viwili, ardhi na hewa. Ardhi huyashika magurudumu, na nguvu ya kuishinda haibadiliki sana, gari liende polepole au liende mbio. Inabadilika kwa kadiri ya njia ilivyo: lami hushika kidogo, udongo laini hushika sana, na tope hushika kuliko vyote. Hewa ina tabia nyingine. Kila mwendo unapozidi mara mbili, nguvu ya hewa huzidi mara nne. Mtu wa bahari anaijua tabia hii bila ya kufundishwa. Upepo wa kuvukia unapozidi mara mbili hauwi taabu mara mbili, bali huwa ni habari nyingine kabisa.

Tuchukue mfano wa gari la magurudumu manne la uzito wa tani mbili na nusu, lenye uso wa mraba kama kabati, wa eneo la mita tatu za mraba. Kwa hesabu za makadirio ambazo mwanafunzi yeyote wa fizikia anaweza kuzirudia, likiwa kwenye lami nzuri ardhi hulizuia kwa nguvu sawa na ya kuinua mzigo wa kilo 37 hivi. Hewa hulizuia kwa kilo 12 likienda kilomita 40 kwa saa, kilo 48 likienda 80, kilo 75 likienda 100, na kilo 108 likienda 120. Kwenye udongo laini hali ni nyingine kabisa. Hapo ardhi peke yake huweza kufika kilo 125, na kwa kuwa gari haliwezi kupita mwendo wa kilomita 40 kwa saa, hewa hubaki kwenye zile kilo zake 12.

Tazama sasa maana yake. Katika njia za udongo za vijijini kuelekea Malinyi na Mlimba, hewa haifikii hata sehemu moja ya kumi ya taabu ya gari. Tuseme kikinga upepo ni kizuri sana, kikapunguza ukali wa hewa kwa asilimia 5. Kitaokoa nini? Sehemu ndogo kuliko nusu ya asilimia moja ya nguvu yote. Hapana dereva atakayeiona tofauti hiyo katika geji yake, wala mhasibu katika daftari lake. Kwa hiyo miaka yote ile ya tope, aliyefunga kikinga upepo ili kuokoa mafuta katika bonde la Kilombero alifunga pambo.

Je, sasa lami imefika, kikinga kimepata kazi? Kwa kilomita 120 kwa saa hewa ni kilo 108 katika jumla ya kilo 145, yaani karibu robo tatu ya taabu yote. Hapo kikinga kile kile kizuri, cha asilimia 5, kingepunguza nguvu inayohitajika kwa kama asilimia 4. Si haba. Lakini dereva yule yule, katika gari lile lile lisilofungwa kitu chochote, akipunguza mwendo kutoka 120 hadi 90, hewa hushuka kutoka kilo 108 hadi kilo 61, na jumla yote ikapungua kwa karibu theluthi. Mafuta hayatapungua kwa kipimo kile kile hasa, kwani injini nayo ina ulaji wake wenyewe, lakini hesabu yenyewe inajieleza: mguu wa dereva unaokoa nguvu kiasi cha mara nane ya kikinga, na mguu hauna ankara wala zabuni.

Hasara yake ni nini? Ni wakati. Kilomita 200, ambazo hazitoshi hata kumfikisha Morogoro anayetoka Ifakara, zitachukua saa 1 na dakika 40 kwa mwendo wa 120, na saa 2 na dakika 13 kwa mwendo wa 90. Tofauti ni dakika 33, na bado hapo tumemkadiria mtu ambaye hapunguzi mwendo popote, jambo lisilowezekana wala lisiloruhusiwa, maana njia hiyo inapita vijiji ambamo sheria inataka kilomita 50 kwa saa, na inapita Hifadhi ya Mikumi ambamo wanyama hawajui saa ya mkutano wa ofisa.

Tumesema kikinga kizuri. Lazima tuseme pia kwamba si kila kikinga ni kizuri. Kile cha ukingo wa boneti kilibuniwa kuwazuia wadudu na vijiwe visikipige kioo, na kazi hiyo hukifaa. Vile vya juu ya madirisha humwezesha abiria kufungua kioo kidogo mvua ikinyesha, na katika joto la Ifakara hiyo ni rehema. Kile cha nyuma huisukuma hewa ya paani ishuke juu ya kioo cha mlango ili vumbi lisigande, na dereva aliyewahi kufuatwa na wingu la vumbi lake mwenyewe atakithamini. Lakini hakuna hata kimoja kati ya hivi kilichobuniwa kwa ajili ya mafuta, na kitu chochote kinachojitokeza nje ya umbo la gari huweza kuongeza uso unaopigwa na hewa badala ya kuupunguza. Anayekitaka kwa ajili ya mvua na akinunue kwa ajili ya mvua. Asiandike katika hati ya malipo kwamba amenunua akiba ya mafuta.

Linabaki lile bamba la mbele ya karia, na hapa ndipo ilipo siri ya kadhia nzima. Bamba hilo huweza kusaidia, kwa sababu huificha karia kutokana na hewa. Lakini ni nani aliyeiweka karia huko juu? Wizara ya Nishati ya Marekani huwaeleza wananchi wake kwamba sanduku kubwa butu la mizigo juu ya paa huongeza ulaji wa mafuta kidogo tu katika mwendo wa mjini, lakini katika mwendo wa barabara kuu za kasi huweza kupunguza masafa ya kila lita kwa asilimia 10 hadi 25. Karia tupu haina madhara makubwa kama ya sanduku, lakini nayo ni wavu wa vyuma uliosimamishwa mbele ya upepo mchana na usiku, mwaka mzima, hata siku ambayo haikubeba hata mkeka. Kununua bamba la kuikinga karia isiyokuwa na mzigo ni kama kumwajiri mlinzi wa kulinda ghala tupu. Ndugu zetu wa Visiwani watalifahamu jambo hili upesi. Chombo kinachokwenda kwa mashine kuukabili upepo hakiachi tanga limetandazwa, na nahodha atakayefanya hivyo, kisha akaomba fedha za kununua pazia la kulikinga tanga lake, atachekwa pwani nzima.

Hatusemi kwamba karia haina haki. Bonde la Kilombero ni pana, na mito yake inapofurika, kijiji kinaweza kukatika na dunia kwa wiki kadhaa. Gari la afya linalobeba vyandarua, dawa, hema na tairi la akiba linahitaji paa lake. Gari la namna hiyo, ambalo karia yake haishuki kwa kuwa kazi haishuki, na ambalo sasa linapita lami ndefu kwa mwendo wa kasi, ndilo pekee linaloweza kudai bamba la mbele ya karia kwa hoja ya mafuta. Na hata hilo lisipewe kabla ya kupimwa.

Wala hatukatai elimu ya kukata upepo. Elimu hiyo ni ya kweli na imefanya makubwa mahali pake. Kuanzia mwaka 1973 wahandisi wa NASA, katika jangwa la California, walilifunika gari la mizigo kwa mabamba ya aluminiamu likawa mraba kama sanduku la viatu, kisha wakaanza kuzivirigisha pembe zake moja baada ya nyingine. Kwa kuzivirigisha pembe za wima tu, ukinzani wa hewa ulipungua kwa asilimia 40, na walipozivirigisha na zile za ulalo ulipungua kwa asilimia 54. Ndiyo sababu malori ya masafa marefu duniani hubeba kofia kubwa juu ya kichwa. Lori lina kasha refu kuliko kichwa chake, husafiri mamia ya kilomita kwa mwendo mmoja, na hewa inayougonga ukuta wa kasha ina pa kuelekezwa. Wenye malori yenye makasha marefu wanaotoka Ifakara kwenda Dar es Salaam wana sababu ya kulifikiria jambo hili, na mlaji wa mchele wa Unguja ana sababu ya kuwaombea heri. Lakini gari fupi la magurudumu manne, lenye uso wa kabati tangu kiwandani, halibadiliki umbo kwa kipande cha plastiki cha upana wa kiganja.

Kwa Visiwani hoja yetu ina nguvu zaidi. Kutoka Mjini hadi Nungwi ni kama kilomita 60, na njia yote imejaa vijiji, shule, ng'ombe na watalii wa baiskeli. Pemba milima na kona haziruhusu gari kukimbia. Mahali ambapo gari halifiki mwendo wa 100 kwa muda wa maana, upepo haujawa adui, na kumnunulia ngao adui asiyekuwapo ni israfu. Chuoni tulifundishwa kwamba hata anayetawadha kando ya mto unaotiririka hana ruhusa ya kumwaga maji ovyo. Seuze anayemwaga fedha ambazo si zake, na mto wake hautiririki.

Yupo atakayesema kwamba bei ya kikinga ni ndogo, na kwamba tunapiga ngoma kwa sababu ya mbu. Tunamjibu hivi. Katika halmashauri, gari linalopeleka chanjo vijijini na gari linalompeleka mkubwa mkutanoni hunywa katika kisima kimoja cha fedha. Kisima kikikauka, mkutano huahirishwa na mkubwa hupewa taarifa kwa simu. Lakini mama mjamzito wa kijiji cha mbali, aliyeanza uchungu usiku wa masika, hawezi kuahirisha. Kwake yeye lita tano zilizopotea katika upepo wa barabara ya Mikumi si hesabu ya fizikia. Bandu bandu huisha gogo, na gogo likiisha, huwa halijulikani ni bandu ipi iliyoua.

Na tuseme lile ambalo husemwa pembeni. Madereva wetu hulaumiwa kwa mwendo, lakini mara nyingi mguu wa dereva wa Serikali si wake, ni wa aliyeketi nyuma. Ofisa huchelewa kutoka ofisini, kisha huagiza wakati urudishwe barabarani. Huyo ndiye anayenunua mwendo wa 120 kwa mafuta ya umma ili kulipia uzembe wa asubuhi, na jioni huidhinisha ununuzi wa kikinga upepo kwa sababu matumizi yamezidi. Hatuwezi kumwagiza dereva apunguze mwendo ikiwa mwenye kalamu ya kumwandikia barua ya onyo ndiye anayemwambia aongeze. Amri hii lazima ianze kiti cha nyuma.

Tufanye nini, basi? Tunapendekeza mambo manne, na hakuna hata moja linalohitaji mkopo.

La kwanza ni karia. Gari lolote la Serikali au la mradi ambalo halibebi mzigo juu ya paa kwa kazi yake ya kila siku lishushwe karia, iwekwe ghalani, ipandishwe siku ya safari inayoihitaji. Ni kazi ya funguo mbili na watu wawili.

La pili ni mwendo. Kila Afisa Masuuli aweke kwa maandishi kikomo cha kilomita 90 kwa saa kwa magari yake katika barabara kuu, chini ya hapo pale sheria inapotaka chini ya hapo, na atakayeagiza vinginevyo aandike jina lake na sababu yake katika daftari la safari. Magari ya wagonjwa yana sheria yake.

La tatu ni matairi. Dereva anayeingia kwenye mchanga au tope hupunguza upepo wa matairi ili yashike, naye hufanya sawa. Kosa huja anaporudi kwenye lami akasahau kuujaza. Wamarekani hukadiria kwamba kila paundi moja ya upepo inayopungua katika matairi yote manne hula asilimia 0.2 ya mafuta, hivyo paundi 10 zilizosahauliwa ni asilimia 2, mbali na hatari ya tairi kupasuka. Pampu na kipimo cha upepo vikae katika kila gari linalotoka Malinyi au Mlimba, na vitumike kabla ya gari kukanyaga lami.

La nne ni daftari. Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Kabla halmashauri au wizara yoyote haijanunua kikinga upepo kwa hoja ya mafuta, kifungwe kwenye gari moja na kipimwe. Gari liwe moja, dereva awe mmoja, mzigo uwe mmoja na mwendo uwe mmoja, kutoka Ifakara hadi Mikumi na kurudi, ili upepo wa kwenda uondoane na upepo wa kurudi. Tangi lijazwe mpaka juu mwanzo na mwisho, kituo kile kile cha mafuta. Safari zirudiwe mara kadhaa na kikinga, na mara kadhaa bila ya kikinga. Kisha hesabu ibandikwe ukutani, isomwe na kila mtu. Kikinga kikiokoa fedha kuliko bei yake, sisi tutakuwa wa kwanza kukipigia makofi.

Hatuombi jambo geni kwa watu wa Ifakara. Mji huo umeifundisha dunia kupima. Tangu miaka ya 1950, Mswisi Rudolf Geigy alipoanzisha pale maabara ambayo leo ni Taasisi ya Afya Ifakara, bonde la Kilombero limekuwa mahali ambapo neno halikubaliwi mpaka lihesabiwe. Vyandarua vyenye dawa vilipoletwa Kilombero na Ulanga katika miaka ya 1990, hakuna aliyesema vinafaa kwa sababu muuzaji kasema. Walihesabiwa watoto waliolala ndani ya vyandarua na wasiolala, walioishi na waliofariki, na matokeo yalipochapishwa mwaka 2001 yalionyesha kwamba watoto wadogo waliotumia vyandarua vyenye dawa walikuwa na nafasi zaidi ya kuishi kwa asilimia 27. Kwa sababu kilipimwa, chandarua kile kiliaminiwa kote duniani. Ikiwa tuliweza kukipima chandarua kilichobeba roho ya mtoto, tunashindwaje kukipima kipande cha plastiki kilichobebwa na boneti?

Tunarudia, basi, wito wetu kwa viongozi wa Bara na wa Visiwani, wa wizara na wa halmashauri, wa mashirika na wa miradi. Lami ya Kidatu na Ifakara haikujengwa ili tufukuzane na upepo. Ilijengwa ili mpunga ufike sokoni, mgonjwa afike hospitali na mtumishi wa umma afike kwa mwananchi. Karia isiyo na kazi ishuke, mwendo upungue, daftari liandikwe. Na ikiwa upo upepo unaostahili kuwa ndani ya gari la Serikali, basi ni ule wa ndani ya matairi, nao hujazwa kwa pampu, si kwa zabuni.